Anayekwambia Nunua Mpya Hajafungua Kifuniko

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo useme kompyuta yenu ya nyumbani imekuwa nzito. Muuzaji hakuulizi ina RAM kiasi gani wala inatumia diski ya aina gani. Anakuuliza ya mwaka gani. Ukimjibu ya 2011 au 2012, shauri limekwisha: "Hiyo imeshapitwa, mzee wangu, halafu hata Windows 10 yenyewe wameshaifunga. Usitupe hela kuitengeneza, chukua hii mpya, bei ya kawaida tu." Kauli hiyo imetoka madukani ikaingia sebuleni, ikafika hadi vyumba vya walimu na vikao vya ukoo, na leo inasemwa na watu ambao hawana hata cha kuuza. Imekuwa kama sheria: kompyuta ikifika miaka kumi ni ya kutoa, na anayeikarabati anajidanganya.

Kauli hiyo ni potofu, na wanaoumia nayo zaidi ni wenye kipato kidogo. Kompyuta nyingi za nyumbani zinazoitwa mbovu zinakwamishwa na kifaa kimoja au viwili vinavyobadilishwa kwa bisibisi ndani ya saa moja. Na fedha inayotosha tu kununua mashine mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingi inanunua mashine dhaifu kuliko ile inayotolewa nyumbani.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi. Sizungumzii studio ya video, michoro ya majengo ya pande tatu wala michezo mikubwa. Nazungumzia kuandika barua na kutunga mitihani, kupiga hesabu za VICOBA kwenye Excel, kujaza maombi ya mkopo wa HESLB, kutuma maombi Ajira Portal, mwanafunzi kufuatilia somo la fizikia YouTube, kuchapa na kuskani. Hiyo ndiyo kazi ya kompyuta ya nyumbani, na ndiyo mizani ya kuipimia. Mashine inayoifanya kazi hiyo vizuri haina deni na mtu, hata iwe ya mwaka gani.

Hoja ya kwanza ya wenzetu ni umri. Chukua Dell OptiPlex 790, mashine ya mwaka 2011 iliyojaa maofisini kabla ya kuingia mitaani kwa njia ya mtumba. Nyingi zilikuja na prosesa ya Core i5-2400 yenye viini vinne na kasi ya GHz 3.1. Chipu si goti la mzee, haichoki kwa kutumika. Ilichoweza kukokotoa kwa sekunde moja mwaka ule ndicho inachoweza leo, isipokuwa kama feni na bomba za hewa zimejaa vumbi, kwa sababu ikipata joto kupita kiasi inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Vumbi linatolewa kwa blowa na brashi, krimu ya kupozea prosesa inapakwa upya, na shida hiyo imekwisha. Kama bado ni nzito, mchawi ni mwingine.

Mchawi huyo anaonekana kwa macho, wala huhitaji fundi. Washa mashine, subiri hadi alama zote zijipange kwenye kioo, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Tazama safu ya CPU: itasoma asilimia 8, pengine 12. Prosesa imekaa, haina la kufanya. Sasa tazama safu ya Disk: asilimia 100, imekolea rangi, na haishuki. Soma na kasi yenyewe chini yake, utashangaa: diski hiyo iliyozidiwa kwa asilimia 100 inapitisha MB 1 au 2 tu kwa sekunde. Hapo ndipo kazi yote ilipokwama. Wewe unabofya, prosesa inangoja, na diski inahangaika.

Sababu yake ni hesabu ya darasani. Hadi diski ya kizamani ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna mkono unaokimbilia mahali faili lilipo. Sahani ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8 na ushei. Kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko ili kipande unachokitaka kipite chini ya mkono, ongeza milisekunde 8 au 9 za mkono wenyewe kusogea. Jumla ni kama milisekunde 13 kwa kila kipande kidogo. Gawanya sekunde moja kwa hizo: diski haiwezi kuchota zaidi ya vipande 80 hivi vilivyotawanyika. Diski za kompyuta mpakato, zinazozunguka mara 5,400, ni taabu zaidi. Na Windows ikiwa inaamka huomba maelfu ya vipande vidogo kutoka kila kona. SSD haina sahani wala mkono, inachota kila kipande kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine ileile, prosesa ileile, iliyokuwa ikichukua dakika tatu au nne kukubali kufunguka, ikiwekewa SSD huwaka ndani ya nusu dakika hivi.

Hapa nina neno pia na mafundi wetu. Ukimpelekea fundi kompyuta nzito, jibu lake la kwanza ni "tupige window." Anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, unalipa, unarudi nyumbani ukiwa na furaha ya wiki mbili tatu. Kisha masasisho yanarudi, programu zinajaa tena, na sahani ni ileile. Baada ya miezi sita unarudi kupiga window nyingine. Kwa mashine yenye virusi kazi hiyo ina maana. Kwa mashine ambayo Task Manager imeshaonyesha diski kwenye 100, ni kumlipa mtu akusogezee tatizo mbele, na malipo ya mara chache za namna hiyo yangeshanunua SSD.

Hoja ya pili: mpya ya bei nafuu ni bora kuliko kuukuu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na hakuna mahali kidonda hicho kinapofichwa vizuri kama kwenye kompyuta mpakato mpya za bei ya chini. Geuza boksi usome maandishi madogo. Utakuta Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC. Mashine ni nyembamba, ina rangi nzuri, inanukia upya. Lakini Celeron hiyo ya mwishoni mwa 2019 kwa nguvu haifiki hata nusu ya ile i5-2400 ya 2011. eMMC iko karibu na kadi ya memori ya simu kuliko SSD kamili. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, hivyo baada ya mfumo, Office na picha za harusi mbili, sasisho kubwa linalofuata halina pa kushukia.

Kibaya zaidi kiko ndani. Kwenye nyingi ya mashine hizi RAM na hifadhi vimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Huwezi kuongeza wala kubadilisha. Ulivyoinunua ndivyo itakavyozeeka, na eMMC ikifa, umebaki na sinia. Linganisha na HP EliteBook 840 G3 ya mtumba: ina nafasi mbili za RAM, ina sehemu ya diski ya inchi 2.5, na betri yake inafunguliwa kwa skrubu. Anayekuuzia mpya anakwambia unanunua miaka mingi ijayo, ilhali mashine yenye miaka mingi mbele yake ni ile inayofunguka.

Hoja ya tatu ndiyo inayotisha watu kwa sasa: Windows 10 imekufa. Ni kweli Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ni kweli pia kwamba Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yao, na kwa Intel Core orodha hiyo kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Lakini usichukue orodha hiyo kama kipimo cha nguvu. Celeron N4020 niliyoitaja imo. Core i5-6300U iliyomo kwenye EliteBook 840 G3, ambayo inaipita Celeron hiyo kama mara mbili, haimo. Microsoft ina sababu zake za kiusalama za kuchora mstari pale. Muuzaji anayeutumia mstari huo kukwambia mashine yako haina nguvu anakudanganya.

Kisha kuna unafiki mdogo wa kutazama usoni. Wengi wanaoomboleza kukosa masasisho ya usalama hawajawahi kuyapokea. Windows yao ilikuwa ya kuchakachua, na masasisho yalizimwa siku ya kwanza ili yasile bando. Wamekaa miaka na mlango wazi, na leo wameambiwa kitasa kimeacha kutengenezwa wanataka kuhama nyumba. Anayejali usalama kweli ana njia. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft iliongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa anayeunganisha mashine na akaunti yao na kuhifadhi huko mipangilio yake. Hiyo ni nafuu ya muda, na inampa mtu nafasi ya kujipanga bila kukimbizwa.

Njia ya kudumu ni kubadili mfumo. Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024, ina masasisho hadi 2029, haiombi TPM, haiombi leseni, na toleo lake la Xfce linatembea vizuri kwenye mashine ya RAM GB 4. Faili la kuiweka ni karibu GB 3. Mwenye intaneti ya chuo au ya kazini anakupakulia, anakuwekea kwenye flashi. Na kabla hujafuta chochote, unaiwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi hiyo: unajaribu WiFi, printa, sauti, unafungua faili zako za Word kwa LibreOffice. Kikigoma kitu, unachomoa flashi na Windows yako iko palepale.

Wataniambia Linux ni ya wataalamu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya chanzo huria kwa Kiswahili. Miaka ishirini baadaye bado tunaambiana kwamba mama anayetumia kivinjari, WhatsApp ya kwenye kivinjari na barua za kikundi hawezi kuzoea menyu iliyohamia pembeni. Mama huyohuyo alihama kutoka simu ya vitufe hadi simu janja bila semina. Kizuizi cha kweli kipo, nacho ni chembamba: kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, kama ya uhasibu, au faili za Excel zenye makro nzito, baki Windows. Wengine wote hawana kisingizio.

Hoja ya nne ina sura ya busara: kitu kikizeeka, ukitengeneza hiki leo, kesho kinaharibika kingine. Kwa gari pengine. Kwa kompyuta ya mezani vinavyochakaa ni vichache na vinajulikana: feni, diski, kifaa cha umeme, na betri ya bodi. Hiyo ya mwisho ni somo lenyewe. Ni kidonge cha fedha chenye ukubwa wa sarafu, kimeandikwa CR2032, volti 3, na kazi yake ni kuiwezesha mashine kukumbuka saa na mipangilio ikiwa imezimwa. Kikiisha, kila ukiwasha mashine tarehe inarudi nyuma miaka kumi na ushei. Kivinjari kinapima vyeti vya usalama vya tovuti kwa tarehe hiyo, kinaona havijaanza hata kutumika, na kinakataa kufungua: onyo jekundu Gmail, onyo jekundu HESLB, onyo jekundu benki. Mwenye mashine anasema "haishiki tena intaneti," na dukani wanamjibu ni uzee. Ni betri ya sarafu. Fungua kifuniko, sukuma kibanio pembeni, kidonge kinaruka chenyewe, weka kipya maandishi yakitazama juu, rekebisha tarehe. Hakuna duka linalopata faida ya maana kwa kukueleza hivyo.

Hoja ya tano ni umeme, na hii naiheshimu. Kompyuta ya mezani ya zamani inakula zaidi ya mpakato. Chukulia tofauti ya wati 40, mashine ikitumika saa nne kila siku: ni uniti 0.16 kwa siku, uniti zisizozidi 5 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunua, kisha uhesabu itachukua miaka mingapi hadi ifikie bei ya mashine mpya. Umeme unaokatika ghafla ni tatizo kubwa kuliko huo unaoliwa, na dawa yake ni UPS ndogo.

Sasa, fedha ziende wapi na kwa mpangilio gani? Cha kwanza ni kunakili faili zako zote, maana diski iliyochoka inaweza kukuaga bila kuaga. Kisha usafi. Kisha SSD ya GB 240, ambayo kwa kazi za nyumbani inatosha, huku ile hadi diski ya zamani, ikiwa bado ina afya, ikibaki ndani kama ghala la picha na video. Kisha RAM hadi GB 8. Mashine yenye GB 2 au 4, ukifungua kurasa kadhaa za kivinjari, RAM inafurika na ziada inamwagwa kwenye diski, ndipo uhaba wa RAM na uzito wa diski vinapochocheana. Hapo simama. Usiingie kwenye prosesa, usiingie kwenye kadi ya video, usishawishiwe SSD ya TB 1.

Ununuzi nao una mitego yake. RAM ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, ya mezani haiingii kwenye mpakato, na mpakato nyingi za kuanzia 2013 zinataka DDR3L ya volti 1.35. Chomoa uliyonayo uende nayo dukani. Mfumo uwe wa biti 64; ukiwekewa GB 8 juu ya Windows ya biti 32, itakuonyesha GB 3 na pointi tu, na fundi atasema RAM ni feki. SSD feki zipo kweli, kwa hiyo kabla ya kutoa hela iombe ichomekwe ufungue CrystalDiskInfo: diski inayouzwa kama mpya huku ikisoma maelfu ya saa za kuwaka imetoka kwenye mashine ya mtu. Na kama unaambiwa RAM zimepanda bei tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinakimbilia vituo vya data vya akili unde, ni kweli, ila kompyuta mpya nayo imebeba RAM hiyohiyo ndani ya bei yake. Ya DDR3 iliyochomolewa kwenye mashine zilizoungua ipo mitaani bado.

Utetezi wangu una mpaka. Mashine ya Core 2 Duo au Pentium, yenye RAM ya DDR2, iache ipumzike. Mstari wangu unaanzia kizazi cha pili cha Intel Core, mwaka 2011. Bodi kuu iliyoungua, iache. Betri ya mpakato iliyovimba iondolewe leo hii, kabla hujafikiria SSD. Na kama jumla ya vifaa na ufundi inafika nusu ya bei ya mashine nzuri zaidi, nunua hiyo nyingine. Hata hapo, nenda kwenye mtumba wa ofisini wenye kifuniko kinachofunguka, siyo kwenye boksi la Celeron.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Kompyuta tunayoitoa inaishia kwa wakusanya skrepa, nyaya zinachomwa ili kupata shaba, na moshi unavutwa na majirani. Anayehubiri "nunua mpya" haishi karibu na moto huo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka bei mbili kwenye karatasi moja, za siku hiyohiyo na soko hilohilo: ya SSD, RAM iliyotumika na ufundi, dhidi ya mpakato mpya ya bei ya chini. Kwa kawaida ya kwanza haifiki theluthi ya ya pili. Theluthi mbili zinazobaki ni UPS, ni intaneti ya nyumbani ya miezi kadhaa, ni wino wa printa, na bila vitu hivyo hata kompyuta mpya kabisa haimsaidii mtoto kumaliza kujaza fomu ya mkopo kabla dirisha halijafungwa.